Nesi mpya asiachwe peke yake usiku, wala asiachwe bila mshahara

Katika wodi yetu ya wazazi tungali tunafuata desturi ya zamani ya kuandika ripoti ya mchana kwa wino wa buluu na ripoti ya usiku kwa wino mwekundu. Kwa kuwa mimi ndiye inchaji, yaani msimamizi, wa wodi hiyo, huu ukiwa mwaka wangu wa sita, kila asubuhi saa moja na nusu kazi yangu ya kwanza ni kufungua daftari na kusoma kurasa nyekundu. Ukizisoma kwa miaka mingi unawatambua waandishi wake bila kutazama sahihi. Nesi aliyetoka chuoni juzi huandika ripoti ndefu: idadi ya wazazi, waliojifungua, uzito wa kila mtoto, presha ya kila mama, hata saa ambayo umeme ulikatika na jenereta ikawashwa. Baada ya miezi mitatu au minne ripoti hupungua ikawa mistari mitano, kisha mitatu, na siku moja nikakuta mstari mmoja tu: "Wagonjwa wote wameamka salama." Aliyeuandika alikuwa miongoni mwa mabinti hodari niliowahi kuwapokea tangu nianze kazi. Wiki mbili baadaye aliniletea barua ya kuacha, akaniambia, "Sista, nisamehe, nimechoka," na leo ana kibanda cha uwakala wa fedha za simu pale Buzuruga, jijini Mwanza.

Nilimfuata kibandani kwake siku ya mapumziko yangu, nikakaa kwenye benchi huku akihudumia wateja, nikamwomba anieleze kwa ukweli ni nini kilichomwondoa. Nilitarajia anitajie fedha, naye alizitaja: miezi kumi na moja ya kujitolea, akiwa na leseni halali ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, akipewa nauli ya shilingi elfu hamsini kwa mwezi, na miezi mingine asipewe kitu kwa maelezo kwamba mapato ya ndani yameshuka. Lakini hakuanza na fedha. Alianza na usiku mmoja wa mwezi wa Machi ambapo mtoto alizaliwa bila kulia, daktari wa zamu akiwa chumba cha upasuaji na nesi mwenzake akiwa ameshikwa na mama mwingine mwenye kifafa cha mimba. Alimkausha mtoto, akamsafisha njia ya hewa, akampumulisha kwa mfuko na kinyago kwa dakika ishirini, peke yake, akihesabu kwa sauti. Mtoto hakurudi. Asubuhi, wakati wa makabidhiano, mimi nilifungua faili la mama yule, na swali langu la kwanza kwa binti huyu lilikuwa kwa nini partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, haikujazwa baada ya saa nane usiku.

Alinieleza haya bila hasira, huku akihesabu noti za mteja. Mimi nilishikwa na aibu ambayo sijaimaliza hadi leo.

Katika vikao nilivyohudhuria, mishahara ya wauguzi hujadiliwa na watu wa fedha na utumishi, na malezi ya wauguzi wapya, yakijadiliwa, huachiwa watu wa mafunzo, kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana. Kwa nesi aliye katika mwaka wake wa kwanza ni jambo moja. Asiyelipwa hulazimika kutafuta kibarua kingine mchana, kwa hiyo usiku huja kazini akiwa hajalala. Na huyo ambaye hajalala ndiye anayeachiwa wazazi wanane kwa sababu hakuna mkubwa wa kukaa naye. Na mkubwa hayupo kwa sababu naye aliondoka zamani, alipokuwa katika mwaka wake wa kwanza au wa pili. Nimeuona mzunguko huu kwa macho yangu kwa miaka mingi, na kabla ya kuuona kwa wengine niliupitia mwenyewe.

Nilianza kazi mwaka 2009 katika zahanati moja ya kisiwani, upande wa Ukerewe. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, stashahada ya miaka mitatu, sare mbili na sanduku moja la bati. Nilipanda meli kutoka Mwanza hadi Nansio, na kutoka hapo nikaendelea kwa mtumbwi wa injini pamoja na magunia ya unga na kreti za soda. Barua yangu ya ajira ilitaja mshahara, lakini mshahara wenyewe haukuja mwezi wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu, kwa kuwa cheki namba yangu, namba ya mtumishi ambayo bila hiyo mshahara hautoki, ilikuwa haijatoka. Na posho ya kujikimu ambayo mwajiriwa mpya hupewa anaporipoti, nilijibiwa kwamba fungu lake limekwisha. Simtaji mwajiri yule, kwa sababu hadithi kama hii nimeisikia kwa wauguzi wa waajiri wengi.

Wiki yangu ya pili, mganga wa zahanati alikwenda Nansio kwa kikao, na ziwa likachafuka asiweze kurudi. Saa tatu usiku akaletwa mama mwenye mimba ya tano, uchungu umeshakolea. Alijifungua saa saba, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Nilimchoma mama sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti kumi pajani kama nilivyofundishwa, kondo la nyuma likatoka zima, nikalikagua chini ya taa ya chemli, nikashukuru Mungu. Kisha damu ikaanza kuja. Haikuja kwa kishindo. Ilikuja polepole bila kukatika, ikalowanisha kitenge cha kwanza, kisha cha pili. Mfuko wa uzazi, ukiupapasa tumboni baada ya kondo kutoka, unapaswa kuwa mgumu kama chungwa bichi. Wa mama huyu ulikuwa laini kama unga uliozidi maji. Niliusugua ukajikaza kidogo, nikaondoa mkono ukalegea tena. Nikausugua tena. Jasho lilinitoka, mikono ikaanza kutetemeka, na katika kichwa changu kurasa zote za madaftari ya chuo zikafunguka kwa pamoja bila hata moja kusomeka.

Aliyeshika taa alikuwa mhudumu wa zahanati, mama wa makamo ambaye alianza kazi pale kabla mimi sijaingia darasa la kwanza. Hakuwa na cheti cha uuguzi. Alisogea karibu na sikio langu ili mgonjwa asisikie, akasema, "Mwanangu, huyu hajakojoa tangu jioni."

Nikaweka mpira wa mkojo. Mkojo ukajaza beseni dogo, na chini ya kiganja changu nikausikia mfuko wa uzazi ukijikusanya, ukapanda, ukawa mgumu, na damu ikakatika. Kibofu kilichojaa huuzuia mfuko wa uzazi kujikaza: jambo hilo nilikuwa nimeliandika kwenye mtihani wa mwisho na kupata alama zote. Nililijua. Kilichokosekana usiku ule ni mtu wa kusimama karibu nami mpaka elimu yangu ishuke kutoka kichwani hadi mikononi, na kwa bahati ya mama yule, mtu huyo alikuwepo.

Kulipokucha mhudumu yule alikuja na uji, na jioni akanitumia mtoto wake na bakuli la dagaa na unga wa muhogo. Aliendelea hivyo kwa miezi mitatu, mpaka mshahara wangu ulipofika. Hakuwahi kunikumbusha deni. Kwa hiyo mtu mmoja, ambaye hakuwa na wajibu huo kwa barua wala kwa cheo, alinipa vitu viwili ambavyo mfumo mzima ulikuwa umeshindwa kunipa: chakula na mwongozo. Kama asingekuwepo, ningerudi kwetu na mtumbwi wa kwanza baada ya ziwa kutulia, na sidhani kama ningeshika tena kazi ya uuguzi.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu tunapotaja mafanikio ya nchi katika uzazi salama ni rahisi kusahau yalipitia mikono ya nani. Utafiti wa Taifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya wajawazito vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Vituo vya afya vilijengwa, vyumba vya upasuaji vikafunguliwa, na leo mama aliyezidiwa mwaloni anaweza kupigiwa namba 115 ya mfumo wa m-mama akafuatwa na gari. Lakini gari humfikisha mlangoni, na anayempokea mlangoni saa nane usiku, katika vituo vingi vya kanda hii, ni nesi mwenye umri wa miaka ishirini na minne.

Nirudi kwenye fedha, maana haifai kuzungumza juu ya mwongozo na malezi na kulikwepa fungu la mshahara. Tarehe 1 Mei 2025, katika sherehe za Mei Mosi zilizofanyika Singida, Rais Samia alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Nilikuwa nikisikiliza redioni, nikafurahi kwa dhati. Hata hivyo sisi tulio kazini tunakumbuka Julai 2022, ambapo baada ya tangazo la asilimia 23.3 wengi tulifungua hati zetu za mshahara tukakuta nyongeza ndogo kuliko tulivyokuwa tumeshapigia hesabu majumbani, kwa kuwa asilimia ile kubwa ilikuwa ya kima cha chini, na kadiri ngazi ilivyopanda ndivyo nyongeza ilivyopungua. Si jambo baya kuanza na wa chini. Ila wauguzi wapya wanastahili kuelezwa mapema nini kitaingia mifukoni mwao, wasijenge maisha juu ya tarakimu ya kwenye gazeti.

Chukua mshahara wa shilingi 700,000, ambao nautumia kwa urahisi wa hesabu tu. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unachukua asilimia 5, yaani 35,000. Bima ya afya ni asilimia 3, yaani 21,000. Kodi ya mapato, baada ya kuondoa mchango wa mfuko, inafika 49,000. Na aliyesoma kwa mkopo hukatwa asilimia 15 na Bodi ya Mikopo, yaani 105,000. Zinabaki 490,000 kabla ya ada ya chama cha wafanyakazi, na katika hizo utoe kodi ya chumba, chakula, nauli, sare, na fedha ya nyumbani kwa wazazi waliouza ng'ombe ili wewe usome. Makato makubwa kuliko yote hapo ni ya mkopo, na kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8. Kwa muda mrefu mzigo huu ulikuwa wa wenye shahada, lakini tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ilianza kutolewa pia kwa wanafunzi wa stashahada za afya, jambo ambalo nililiombea miaka mingi, kwa kuwa nimewaona vijana wa Kwimba na Magu wakiacha chuo kwa kukosa ada. Sasa wanaanza kuhitimu. Watakapoajiriwa watakutana na asilimia hiyo 15 katika mwaka ambao hawana kitanda, jiko wala akiba. Mimi naona inawezekana kabisa makato hayo yaanze kwa kiwango kidogo katika miaka miwili ya kwanza, kisha yapande kadiri mshahara unavyopanda, na Bodi isipoteze hata shilingi moja mwishoni.

Wanaofanya kazi katika hospitali binafsi wana shida yao nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amlipe afanyaye kazi usiku nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa, na usiku kisheria unaanza saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nesi anayelipwa shilingi 400,000 kwa wiki ya saa 45 hupata takribani shilingi 2,050 kwa saa, na asilimia 5 yake ni kama shilingi mia moja. Usiku mzima wa saa kumi unamwongezea shilingi elfu moja na kidogo, ambayo haitoshi kumlipa bodaboda wa kumtoa Igoma hadi mjini. Kiwango hicho ndicho cha chini kabisa kinachoruhusiwa, na sheria haimzuii mwajiri kulipa zaidi. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa asilimia 33.4 kuanzia Januari 2026, lakini kwa asilimia hiyo hiyo 5, hata mshahara ukipanda kwa theluthi, usiku wa nesi utaongezeka kwa mia tatu au mia nne tu.

Lakini linaloniumiza kuliko yote ni neno kujitolea. Mwenye shahada ya uuguzi hufanya mwaka mmoja wa mazoezi kwa vitendo unaotambulika na wenye posho. Mwenye cheti au stashahada, ambaye ndiye tunayemkuta kwa wingi katika zahanati na vituo vya afya, hufanya mtihani wa leseni, hupata leseni, kisha husubiri ajira zitangazwe. Wakati wa kusubiri, mwenye busara hakai nyumbani mikono ikasahau kazi. Huomba kujitolea hospitalini. Siku ya kwanza anakuja kama mgeni, wiki ya pili jina lake liko kwenye rosta, yaani ratiba ya zamu, mwezi wa pili yuko usiku, na ifikapo mwezi wa nne ukimwondoa yeye wodi inasimama. Anachoma sindano zile zile, anazalisha wazazi wale wale, na likitokea kosa leseni inayohojiwa ni yake. Si haki kumwita mtu huyo mtu wa kujitolea. Ni mfanyakazi ambaye halipwi. Najua hospitali zinazojikaza na kuwapa mikataba midogo kutoka mapato ya ndani, na nazipongeza, kwa sababu nimeona tofauti yake: nesi mwenye mkataba hata wa fedha kidogo huuliza maswali, hulalamika kifaa kikikosekana, hujiona ana haki ya kusema. Asiye na mkataba hunyamaza, na katika leba, anayenyamaza ni hatari kwa mgonjwa.

Wapo wanaoniambia kwamba wauguzi ni wengi mitaani, kwa hiyo akiondoka mmoja ataingia mwingine. Jibu langu liko kwenye rosta yetu. Mwaka 2016 ajira serikalini zilisimamishwa kwa ajili ya uhakiki wa watumishi, na Aprili 2017 orodha ya watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi ikakabidhiwa kwa Rais. Sibishani na uhakiki ule. Lakini waliohitimu uuguzi miaka ile wakakosa pa kuingia wangekuwa leo na uzoefu wa karibu miaka kumi, na hao ndio hasa wanaofaa kumshika mkono nesi mpya, kwa kuwa wanaijua kazi na bado wanakumbuka ugeni ulivyo. Katika wodi yetu tuna akina mama watano wanaokaribia kustaafu, na tuna vijana wa mwaka wa kwanza na wa pili. Katikati tuko wawili. Kumwajiri nesi mpya unaweza kwa tangazo moja, lakini nesi wa miaka kumi hapatikani kwa tangazo. Hutengenezwa kwa miaka kumi, na kila anayetuacha kwenda Buzuruga kuuza salio huondoka na miaka hiyo.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2025 kuhusu uuguzi, lilieleza kwamba dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023 na bado ilipungukiwa na milioni 5.8. Mapengo hayo yako zaidi katika nchi kama yetu, na nchi tajiri zinaziba ya kwao kwa kuchukua wa wengine. Tanzania imo katika orodha ya shirika hilo ya mwaka 2023 yenye nchi 55 ambazo hazipaswi kuvunwa wauguzi wao bila makubaliano. Orodha hiyo ni ya heri, ila haimfungi miguu mtu binafsi. Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye yuko Uingereza, na alichonisimulia kwa mshangao si mshahara. Ni kwamba alipoanza alipewa mlezi kwa jina, muuguzi mzoefu, na siku ambazo hakuhesabiwa kabisa katika idadi ya wauguzi wa zamu, yupo kujifunza tu. Huko nako si peponi, maana Desemba 2022 wauguzi wao waligoma wakidai nyongeza. Kwa maneno mengine, wao wana mlezi na bado wanadai mshahara, nasi tungali tunaulizana kipi kati ya hivyo viwili kianze.

Kuhusu mlezi, mimi sikusubiri waraka. Baada ya siku ile ya Buzuruga nilikaa na wale akina mama watano, tukakubaliana kwamba nesi mpya hatashika usiku bila mmoja wao au mmoja wetu wawili kwa miezi mitatu ya mwanzo, na kwamba kila usiku mbaya, wa kifo cha mama au mtoto aliyezaliwa mfu, utafuatwa na kikao kifupi kabla mtu hajaenda nyumbani. Katika kikao hicho hakuna faili. Kwanza tunamkalisha aliyekuwepo, tunampa chai, tunamwuliza ilikuwaje, na faili tunalifungua kesho yake. Lilikuwa jambo dogo, lakini ripoti nyekundu za wauguzi wawili waliopita njia hiyo hazijafupika hadi sasa.

Ni jambo dogo lenye gharama, na hapo ndipo fedha inaporudi mlangoni. Mama wa miaka hamsini na minane anayekubali kuongeza zamu za usiku ili amlee kijana anastahili kulipwa kwa kazi hiyo, si kushukuriwa tu kwenye kikao cha Mei 12, siku ya wauguzi, tunapowasha mishumaa na kurudia kiapo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulioonyesha kwamba kutokwa na damu nyingi kupita kiasi baada ya kujifungua kunaweza kupungua kwa asilimia 60 iwapo damu itapimwa mapema kwa shuka maalumu la plastiki lenye vipimo na tiba zote zikatolewa kwa pamoja badala ya kufuatana: kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini, dawa ya kuzuia damu, maji ya mshipani, na ukaguzi wa chanzo. Nilipousoma utafiti ule nilihesabu mikono. Mmoja anasugua, mwingine anatafuta mshipa, mwingine anavuta dawa. Mikono miwili ya binti mmoja haitoshi, hata awe amefaulu vipi.

Kwa mwajiri yeyote wa kanda hii anayesoma, serikali, taasisi za dini au mtu binafsi, ombi langu ni mahususi. Cheki namba ya nesi mpya ishughulikiwe kabla hajapanda meli, si baada ya kushuka. Posho ya kujikimu ilipwe wiki anayoripoti, na anayepelekwa Ukara, Kome au Maisome apewe chumba chenye mlango unaofungika, maana huko hakuna nyumba za kupanga za kuchagua. Aliye na leseni na yumo kwenye rosta asiwepo bila mkataba na malipo yasiyopungua kima cha chini cha kisheria, hata kama mkataba ni wa miezi sita. Na mlezi aandikwe kwenye rosta kwa jina lake, alipwe.

Rosta ya mwezi ujao nimeianza jana jioni. Tunapokea wauguzi wawili wapya, na kando ya majina yao nimechora kwa rula safu mpya yenye kichwa "mlezi", nikaijaza kwa usiku wote thelathini isipokuwa minne, ambayo bado natafuta mtu. Barua ya kuwaombea nauli na posho ya zamu nimeifikisha utawala na bado haijajibiwa. Nilipopita Buzuruga juzi, binti yule aliniuliza kama nafasi yenye malipo ikitokea nitamwambia, nikamjibu nitamwambia siku hiyo hiyo. Leseni yake ameihuisha. Anaitunza kwenye bahasha ya kaki, chini ya droo ya fedha.